Maji matamu, lulu, kisha mafuta: kuielewa Bahrain

Maelezo mengi kuhusu Bahrain, nchi ya visiwa katika Ghuba ya Uajemi, huanza na mafuta, historia ikafuata kwa aya mbili za haraka. Naona huko ni kuvaa kanzu nyuma mbele. Mafuta yalichelewa sana kufika, na hata hayo yalikuja yakifuata njia ya maji.

Eneo lote la nchi halifiki kilomita za mraba 800, karibu nusu ya Unguja, na sehemu ya hilo ni bahari iliyofukiwa. Mji mkuu, Manama, uko kaskazini mwa kisiwa kikuu. Pembeni kuna Muharraq penye uwanja wa ndege, Sitra penye matangi ya mafuta, na kusini visiwa vya Hawar, vilivyo karibu zaidi na Qatar kuliko na Manama. Qatar ilivigombea hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoipa Bahrain ushindi mwaka 2001, huku Zubarah, mji wa kale kwenye pwani ya Qatar, ikibaki kwa Qatar. Mto hakuna, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Hata hivyo watu wameishi hapa kwa zaidi ya miaka 4,000, tena wakilima mitende, wakati sehemu kubwa ya pwani jirani haikuwa na kisima cha kutegemewa.

Sababu ni mwamba wa chokaa. Mvua iliyonyesha zamani sana kwenye nyanda za juu za Arabuni ilipenya ardhini, ikasafiri mashariki ndani ya mwamba huo, ikapita chini ya bahari. Tabaka la juu lisilopitisha maji liliyabana njia nzima. Bahrain ndipo mwamba ulipoinuka na tabaka hilo likakatika, kwa hiyo maji yakafoka yenyewe bila kuchimbwa. Nchi kavu yalitoa chemchemi kama Adhari. Baharini yalitoka kwenye sakafu ya bahari kabisa, na chemchemi za namna hiyo wenyeji waliziita chaukab. Mzamiaji alishuka na kiriba kimekunjwa, mdomo umebanwa, akaufungua pale pale maji yanapobubujika, akaubana tena kikijaa, akapanda nacho. Akiufungua kabla ya kufika, ameteka chumvi.

Neno al-Bahrain maana yake ni bahari mbili, na maelezo yanayopendwa zaidi ni haya: moja ya chumvi juu, nyingine tamu chini. Lakini msomaji wa vitabu vya kale awe macho. Zamani jina hilo lilihusu pwani ndefu ya bara pia, na kisiwa chenyewe kiliitwa Awal. Ukikuta maandishi ya karne za mwanzo za Uislamu yakitaja Bahrain, usidhani moja kwa moja kwamba ni kisiwa.

Kabla ya hapo ilikuwa Dilmun, kituo cha biashara kati ya Mesopotamia na bonde la Indus. Hekalu la Barbar lilijengwa juu ya chemchemi. Makaburi ya Dilmun ni vichuguu vya mawe na udongo. Zaidi ya 11,000 bado vipo, na mwaka 2019 viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Kilima cha Qal'at al-Bahrain, kilichoingizwa mwaka 2005, ni tabaka juu ya tabaka la miji, na juu kabisa kuna ngome ya Wareno, wale wale waliojenga Fort Jesus ya Mombasa.

Chaza wa lulu waliishi kwenye mafungu ya kaskazini, yaani miinuko ya chini ya bahari, na chaukab ziliwawezesha mabaharia kukaa huko wiki kadhaa bila kurudi pwani kuteka maji. Msimu mkubwa ulianza mwezi wa sita, bahari ikishapata joto, ukaisha karibu na mwezi wa kumi. Kila mzamiaji alikuwa na mvutaji wake juu ya chombo. Alibana pua kwa kibanio kiitwacho fitam, akavaa vifuko vya ngozi vidoleni kwa sababu chaza hukata kama wembe, akajitundika kikapu cha kamba shingoni, akaweka mguu kwenye jiwe lenye kamba. Jiwe lilimshusha chini. Akishafika, jiwe lilivutwa juu mara moja, naye akakusanya kwa pumzi yake, dakika moja au zaidi kidogo, kisha akatikisa kamba ya pili avutwe. Hivyo mara kadhaa kwa siku, kuanzia alfajiri, kwa tende na kahawa tu. Chakula kizito kililiwa usiku, maana tumbo lililojaa halishiki pumzi. Chaza walirundikwa pamoja na kupasuliwa asubuhi mbele ya nahodha, ili pasiwe na mtu wa kudai kwamba lulu fulani ilitoka kwenye kikapu chake. (Wao hutamka nukhadha. Neno ni lile lile, limepanda jahazi tu.)

Kilichowaumiza watu kuliko papa ni deni. Nahodha alikopa kwa mfanyabiashara, akawapa wazamiaji malipo ya awali ili familia zile wakiwa baharini. Mwisho wa msimu gharama za chakula zilitolewa kwanza, kisha mafungu yakagawanywa. Fungu likipungua kuliko malipo ya awali, deni lilihamia msimu ujao, na mzamiaji hakuwa huru kumhama nahodha wake. Akifa, mwanawe aliweza kurithishwa deni hilo. Wengi hawakujua kusoma, hivyo daftari lilisema lilivyotaka. Mageuzi ya miaka ya 1920 yalilazimisha kila mzamiaji awe na daftari lake. Muda mfupi baadaye lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 viliiangusha biashara yenyewe.

Kama unataka kununua lulu huko leo, jua kwamba sheria ya Bahrain inazuia biashara ya lulu za kufugwa. Kuisugua kwenye jino kutakuonyesha kama ni ya plastiki au glasi, basi. Ya kufugwa nayo hukwaruza vile vile kama ya asili. Kinachozitenganisha ni picha ya eksirei, inayoonyesha punje iliyopandikizwa katikati. Omba cheti cha maabara.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo ndani ya nyumba za enzi hizo, tena juu ya dari. Muharraq ina Njia ya Lulu, majengo 17 yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2012 pamoja na mafungu matatu ya chaza, na vyumba vya nyumba za jadi za mji huo ni vyembamba, karibu mita tatu. Upana huo uliamuliwa na mikoko. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti Lamu na delta ya Rufiji, yakarudi na kusi. Boriti ilitoa urefu huo na si zaidi, nayo ilipendwa kwa sababu mchwa huishindwa. Juu yake ziliwekwa fito, mikeka, kisha udongo. Kuta ni za mawe ya baharini, na ugonjwa wake ni ule ule wa Mji Mkongwe: chumvi hupanda na unyevu, plasta ya saruji ikaifungia ndani, jiwe likaliwa. Dawa ni plasta ya chokaa inayopumua.

Sasa mafuta. Mwaka 1925 Frank Holmes, mtu wa New Zealand, alichimba visima vya maji Bahrain, vikafanikiwa, na katika shukrani akapewa haki ya kutafuta mafuta. Mwaka 1932 yalipatikana chini ya kilima cha Jebel Dukhan, ya kwanza upande wa Waarabu wa Ghuba. Hayakuwa mengi, na upungufu huo ndio ulioifanya nchi itafute kazi nyingine mapema kuliko majirani: kiwanda cha kusafisha mafuta kinachopokea pia mafuta ghafi ya Saudi Arabia kwa bomba, kiyeyushio cha alumini cha Alba tangu 1971, mabenki, mbio za Formula 1 tangu 2004. Daraja la Mfalme Fahd, kilomita 25 hadi Saudi Arabia, lilifunguliwa 1986. Usilipite Alhamisi jioni kama una haraka: wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Wasaudi wanaingia kwa maelfu.

Utawala uko mikononi mwa ukoo wa Al Khalifa tangu 1783. Uingereza ilisimamia mambo ya nje hadi uhuru, tarehe 15 Agosti 1971. Lakini sikukuu ya taifa ni 16 Desemba, na wageni wengi huchanganya hizo mbili. Tangu 2002 nchi ni ufalme, chini ya Hamad bin Isa. Bunge lina wajumbe 40 wa kuchaguliwa na 40 wa kuteuliwa na mfalme, na hesabu hiyo inajieleza. Ukoo unaotawala ni wa Kisunni, na raia wengi ni Washia. Februari 2011 waandamanaji walijaa Mzunguko wa Lulu, makutano ya barabara mjini Manama. Mwezi uliofuata majeshi ya nchi jirani yaliingia, maandamano yakazimwa, na mnara wa mzunguko huo ukabomolewa. Al-Wefaq, chama kikubwa cha upinzani, kilivunjwa 2016. Mgeni asianzishe mjadala huo kazini wala mtandaoni.

Katika wakazi milioni 1.5, wageni ni zaidi ya nusu, wakiwemo Wakenya na Waganda wengi kwenye ulinzi, usafi na kazi za nyumbani. Kibali cha kazi hutolewa na mamlaka ya soko la ajira, LMRA. Hakikisha jina la mwajiri lililomo ni la yule unayemfanyia kazi kweli. Mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti. Katika kilele cha joto, kazi za juani zimepigwa marufuku kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Saa yao ni sawa na yetu. Dinari moja ina filsi 1,000, ndiyo maana bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 1.500 ni dinari moja na nusu. Dinari imefungwa kwa dola ya Marekani, dola moja ikiwa dinari 0.376, hivyo mshahara wa dinari 100 ni kama dola 266. Piga hesabu hiyo kabla ya kusaini.

Na yale maji? Pesa za mafuta zilinunua pampu, pampu zikashusha maji ardhini, na maji ya chumvi yakaingia kuchukua nafasi. Mitende ya kaskazini ilikufa kwa chumvi. Wabahraini wana methali: kama Adhari, humwagilia wa mbali ikamwacha wa karibu. Chemchemi ilikuwa chini kuliko ardhi iliyoizunguka, hivyo mifereji ilipita kando ya mashamba jirani hadi ikute ardhi ya kiwango chake. Leo Adhari ni bustani ya michezo, na maji ya bombani hutoka hasa kwenye mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari. Yanahifadhiwa kwenye matangi juu ya paa, na mwezi wa nane tangi hilo huchemka kwa jua. Fanya wanavyofanya wenyeji: zima hita ya bafuni mwanzoni mwa kiangazi. Maji yaliyolala ndani yake, kwa kuwa iko kivulini, ndiyo yanakuwa ya baridi, na bomba la bluu linakuwa la moto.