Lavenda Haifi kwa Kiu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Lavenda ikinyauka, ina kiu.

Lavenda ni kichaka kidogo chenye maua ya harufu nzuri, na hapa ndipo nyingi hufia. Mtu anaona matawi yamelegea na majani ya chini yamegeuka manjano, anakimbilia maji. Kumbe mizizi imeshaanza kuoza, haiwezi tena kunyonya, na mmea unanyauka huku udongo umelowa. Kabla ya kushika ndoo, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na tope, au ukisikia uvundo, usimwagilie.

Asili ya mmea huu ni miteremko ya mawe ya nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, ambako maji ya mvua hayatuami. Mche mchanga unahitaji maji mpaka ushike. Ukishashika, ngoja udongo ukauke ndipo umwagilie tena. Kama una udongo wa mfinyanzi, inua tuta na uchanganye changarawe, au panda kwenye chungu chenye matundu chini.

Dhana: Samadi nyingi, maua mengi.

Nitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye samadi, ikizidi, unapata majani laini na matawi marefu yanayolala, maua haba. Udongo usio na rutuba nyingi, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6.5 hadi 7.5, unaitosha kabisa. Usichopaswa kuinyima ni jua: saa 6 kwa siku au zaidi.

Dhana: Ukiikata, unaiumiza.

Isipopogolewa, shina hukomaa likawa mti mtupu na kichaka hufunguka katikati. Maua yakiisha, punguza kama theluthi moja ya kichaka, ukiishia kwenye sehemu yenye majani. Tafadhali usishuke hadi kwenye shina gumu lisilo na majani: hapo mara nyingi hapachipui tena.

Dhana: Njia rahisi ni mbegu.

Mbegu huchelewa kuota, na miche yake haifanani na mama. Kata tawi changa lisilo na ua, la sentimita 10 hivi, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo.

Dhana: Lavenda dirishani hufukuza mbu.

Mafuta yenye harufu yamo kwenye vitezi vidogo vya maua na majani. Pikicha jani vidoleni utayanusa mara moja. Mmea uliosimama tu hautoi harufu ya kutosha kumzuia mbu, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani. Na kama unafuga paka au mbwa, chungu kiwe mahali wasipofika, kwa sababu wakiila lavenda inaweza kuwadhuru.