Kwa nini themostati janja hukataa Wi-Fi inayoipokea simu yako bila shida?

Simu inafungua video papo hapo, kompyuta haina neno, runinga nayo inaonyesha filamu. Themostati peke yake, kile kifaa cha ukutani kinachoamuru kipasha joto au kiyoyozi kianze na kisimame, inakwambia haikuweza kuunganishwa. Unaandika nywila upya, herufi kwa herufi, na jibu ni lile lile. Je, wajua kwamba ujumbe huo mmoja unaweza kuwa na sababu tano au sita zilizo mbali kabisa, na kwamba moja kati ya hizo haihusiani na Wi-Fi hata kidogo?

Kuunganishwa kuna hatua zake. Kwanza themostati lazima iusikie mtandao. Kisha iithibitishie ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi nyumbani, kwamba inaijua nywila. Halafu ruta iipe anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni. Baada ya hapo itoke hadi kwenye intaneti na kuifikia seva, yaani kompyuta ya huduma, ya kampuni iliyoitengeneza, na mwisho seva ikubali kwamba kifaa hiki ni cha akaunti yako. Ikikwama popote njiani, kioo chake kidogo kina sentensi ile ile moja ya kukuambia. Kazi yako ni kujua imekwama wapi, na hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa haraka kuliko wote, ule wa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Hatua hiyo hufuta ratiba na kumbukumbu ya jinsi nyaya zilivyofungwa, na mara nyingi tatizo linabaki pale pale kwa sababu halikuwa ndani ya themostati.

Jaribio ninalolipendekeza kabla ya lolote ni hotspoti. Chukua simu ya pili, washa hotspoti yake katika masafa ya 2.4 GHz, yale yanayotumiwa na themostati nyingi (kwenye iPhone 12 na za baada yake kuna swichi ya kuongeza upatanifu inayofanya kazi hiyo), kisha jaribu kuiunganisha themostati hapo. Ikikubali, umejua mengi kwa mara moja: redio yake ni nzima, seva inaitambua, na kilichobaki kuchunguzwa ni ruta yako au umbali. Ikikataa hata hapo, simu ikiwa hatua moja tu kutoka ukutani, iache ruta kwanza. Tazama umeme wa themostati, au programu yake kwenye simu.

Tuseme imekubali. Ruta nyingi za leo hurusha katika masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na zilizo mpya zaidi huongeza 6 GHz. Simu ya kisasa haisumbuliwi na hilo. Themostati nyingi zina redio ya 2.4 GHz pekee, na nadhani watengenezaji walichagua vyema. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, la 5 GHz ni kama sentimita 6, na lile refu hupenya kuta vizuri zaidi, kama besi ya muziki inavyosikika hadi chumba cha tatu wakati maneno ya wimbo yamebaki ndani. Kifaa kinachotuma data kidogo mno, joto la chumba na amri chache, hakihitaji kasi. Kinahitaji kufika.

Matatizo huanza pale ruta inapojaribu kurahisisha mambo. Masafa yote hupewa jina moja, na ruta huamua yenyewe kifaa kipi kiende wapi. Baadhi yake hujaribu kusukuma kila kifaa kwenye 5 GHz kwa kuchelewa kukijibu kinapoita kwenye 2.4 GHz. Simu ikicheleweshwa hivyo huhamia upande wa pili na mwenyewe hajui kitu. Themostati haina upande wa pili. Inaita, haijibiwi, inakata tamaa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uyape masafa ya 2.4 GHz jina lake peke yake, au uzime 5 GHz kwa dakika chache wakati wa kuunganisha kisha uiwashe tena. Kwa nyumba nyingi hiyo pekee inamaliza kazi.

Ukiwa bado kwenye mipangilio hiyo, tazama namba ya chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inakitumia. Chaneli 12 na 13 zinaruhusiwa Ulaya na sehemu nyingi za dunia, lakini vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida huishia 11. Ruta ikijichagulia 13, themostati ya aina hiyo haitauona mtandao kabisa, kana kwamba haupo, huku simu iliyo kando yake inapata mawimbi kamili. Iweke ruta kwenye 1, 6 au 11, na upana wa chaneli uwe 20 MHz.

Jambo la pili ni usalama wa mtandao. WPA3, mfumo mpya wa kuulinda mtandao wa Wi-Fi kwa nywila, ilizinduliwa mwaka 2018, na themostati nyingi zilizoundwa kabla ya hapo zinajua WPA2 tu, ambayo ni ya mwaka 2004. Ruta iliyowekwa WPA3 pekee itaikataa themostati hiyo hata kama nywila ni sahihi, na kwenye kioo unaweza kusoma kwamba nywila imekosewa. Hapo mtu anabadilisha nywila, analazimika kuviunganisha upya vifaa vyote vya nyumbani, na mlango bado umefungwa. Chagua hali mseto ya WPA2 na WPA3. Lakini usishuke hadi WEP, mfumo wa zamani zaidi, kwa ajili ya kifaa chochote. Udhaifu wake unajulikana tangu 2001, na leo huvunjwa kwa dakika chache.

Kuhusu umbali nitasema kwa kifupi. Ukurasa wa ruta, au themostati yenyewe, mara nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi za dBm. Karibu na -50 ni nzuri sana, -67 inatosha, na ikifika -80 tegemea mawimbi yakatike mara kwa mara. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo -80 ni dhaifu mara 1,000 kuliko -50. Simu ina antena zaidi ya moja nawe unaigeuzageuza mkononi bila kufikiri. Themostati imegandishwa ukutani, pengine upande wa pili kuna kioo kikubwa cha kujitazamia au bomba la bati la hewa. Isogeze ruta. Na diski ya USB 3.0 iliyochomekwa kwenye ruta iondoe kwa jaribio, kwani mwaka 2012 Intel ilichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba USB 3.0 hutoa kelele ndani ya masafa ya 2.4 GHz.

Sasa ile sababu isiyohusiana na Wi-Fi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowasumbua watu kwa muda mrefu kuliko zote: umeme.

Themostati ya zamani ilikuwa swichi tu. Haikuhitaji umeme wake yenyewe. Ilifunga na kufungua saketi, basi. Themostati janja ina kioo, kompyuta ndogo na redio, na vyote vinakula umeme usiku na mchana. Katika mifumo ya Marekani na Kanada umeme huo hutoka kwenye transfoma ya volti 24 iliyo ndani ya mtambo wa joto au wa hewa. Waya wa R huuleta, waya wa C huurudisha ili saketi ikamilike. Nyumba nyingi za zamani hazikuvutiwa waya wa C, kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kuutumia.

Watengenezaji wakabuni njia ya mkato. Themostati hujichotea umeme kidogo kupitia nyaya zile zile za kuamuru joto au baridi, kidogo kiasi kwamba mtambo hauwaki, na kuuweka kwenye betri yake. Kwa kioo inatosha. Lakini redio ya Wi-Fi inapotuma huhitaji mamia ya miliampea kwa mpigo mmoja mfupi, na mpigo huo betri iliyochoka haiuwezi. Volti zikishuka, themostati nyingi huzima Wi-Fi kwanza ili kazi ya kupasha nyumba isife. Ndiyo maana unaona dalili hii ya kutatanisha: usiku imeunganishwa, asubuhi haipo, jioni imerudi bila mtu kuigusa. Themostati inayokuja na kuondoka namna hiyo, huku mawimbi yakiwa mazuri, mimi huitilia shaka umeme wake mpaka ithibitike vinginevyo. Mambo haya hayana mzaha. Januari 2016, katikati ya baridi, wenye themostati za Nest, chapa inayomilikiwa na Google, walijikuta katika nyumba baridi kwa sababu sasisho la programu la mwezi uliotangulia lilikuwa na hitilafu iliyomaliza betri, na hapo hata kazi ya kupasha joto ilikufa.

Ukitaka kuhakikisha, zima umeme wa mtambo kwenye swichi yake kuu, kisha vuta uso wa themostati; nyingi hutoka kwa kuvutwa tu. Nyuma yake kuna matundu yenye herufi: R, W, Y, G, C. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Tundu la C likiwa tupu, chungulia kwenye shimo la ukutani: mara nyingi fundi aliacha waya mmoja wa ziada, aghalabu wa buluu, umejikunja nyuma bila kazi. Waya huo ukifungwa kwenye C hapa na kwenye C ya bodi ya mtambo, themostati itakuwa na chakula cha kudumu. Kama C imeshafungwa tayari, fundi akipima kati ya R na C umeme ukiwa umewashwa anapaswa kupata volti 24 hivi. Akipata sufuri, huenda fyuzi ndogo ya kwenye bodi imeungua. Au huenda bomba la maji ya kiyoyozi limeziba. Mitambo mingi ina boya kwenye sinia la maji, na kwa jinsi baadhi yake ilivyofungwa, maji yakipanda boya hukata umeme wa R ili nyumba isifurike. Themostati inabaki kuhemea betri, Wi-Fi inapotea, na mwenye nyumba anahangaika na ruta wakati ugonjwa uko kwenye bomba la maji ya kiyoyozi.

Mpangilio wa Ulaya ni tofauti. Nchini Uingereza, kwa mfano, themostati nyingi huwasiliana na kisanduku kilichofungwa karibu na boila, na ndani ya kisanduku hicho mna umeme wa volti 230. Hicho usikifungue mwenyewe. Mwite fundi.

Kama umeme ni mzima na hotspoti imekataa, geukia simu unayoitumia kuunganisha. Themostati haina kibodi, kwa hiyo jina la mtandao na nywila huvipokea kutoka kwenye simu, ama kwa Bluetooth ama kwa kuanzisha mtandao wake mdogo wa muda ambao simu inapaswa kujiunga nao. Mtandao huo hauna intaneti, na simu janja inapogundua hivyo hurudi kwenye data za laini bila kukuuliza, mazungumzo yakakatika katikati. Zima data za simu wakati wa kazi hiyo, zima na VPN. Ruhusa nazo ni muhimu: tangu Android 6.0, programu haiwezi kuona mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu bila ruhusa ya mahali, na tangu iOS 14 lazima uiruhusu programu kufikia vifaa vya mtandao wa ndani. Mtu aliyebonyeza "kataa" siku ya kwanza ataona orodha tupu, na hakuna atakayemwambia kwa nini.

Zikibaki hatua za mwisho, dalili zake ni tofauti. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kifaa kimeingia lakini ruta haikukipa anwani. Zima ruta na uiwashe tena, na angalia kama idadi ya anwani inazogawa imekwisha. Ikiwa ina anwani nzuri lakini programu inasema haipo mtandaoni, tazama tarehe kwenye kioo chake. Themostati huzungumza na seva kwa njia iliyofungwa kwa cheti, hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ni yenyewe, na kila cheti kina siku ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kilichokosa umeme kikapoteza saa kinaweza kudhani ni Januari 1970, na kwa kalenda hiyo cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Kinyume chake hutokea pia: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama, ambacho vyeti vingine hukitegemea, kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda, na vifaa vya zamani ambavyo havikuwa na mbadala wake vikaacha kuziamini seva ambazo jana yake viliziamini.

Na kuna siku ambazo kosa haliko nyumbani kwako kabisa. Tarehe 2 Juni 2019 huduma za Google Cloud zilivurugika kwa saa kadhaa, na watu wakashindwa kuziendesha themostati zao za Nest kupitia simu. Siku ya namna hiyo angalia ukurasa wa hali ya huduma wa kampuni kabla ya kuchukua bisibisi. Kwa vifaa vya zamani hali inaweza kuwa ya kudumu: kuanzia 25 Oktoba 2025 Google iliacha kuzihudumia themostati za Nest za kizazi cha kwanza na cha pili. Bado zinapasha nyumba joto na unaweza kuzigeuza kwa mkono ukutani, lakini programu ya simu haizioni tena, hata ruta yako iwe bora namna gani. Kwa hiyo anayetaka kununua themostati iliyotumika aulize kizazi chake kabla ya kulipa, na amwombe muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yake, maana seva nyingi hazimkubali mmiliki wa pili mpaka wa kwanza aiachie.