ACARS: kompyuta ya ndege inavyopokea na kutuma taarifa

Kila ndege kubwa ya abiria ina kompyuta inayoshika safari nzima: uwanja wa kuondokea, pointi za kupitia, kimo cha kuruka, mafuta, upepo unaotarajiwa na uwanja wa kutua. Marubani huiita FMC, yaani kompyuta ya kusimamia safari. Ukiijumlisha na skrini na vitufe vya marubani, mfumo mzima ni FMS. Kompyuta hii hupokea taarifa kutoka ofisi ya shirika lake na kwa waongoza ndege, nayo hurudisha zake chini. Njia iliyozoeleka zaidi ni ACARS, mfumo wa kutumiana ujumbe mfupi wa maandishi kati ya ndege na ardhini, ulioanza kazi Marekani mwaka 1978. Si intaneti, na si mazungumzo ya redio.

Ifananishe na mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi stendi ya Kange hapa Tanga. Mzigo unaandikwa jina la mpokeaji, unakatiwa risiti, ukifika unawekwa ofisini. Hauingii nyumbani kwa mtu wenyewe. Lazima mwenyewe aje, auangalie, auchukue. Ujumbe wa kubadili njia hufanya vivyo hivyo ndani ya ndege: unafika, risiti inarudi chini, halafu unasubiri. Rubani asipobonyeza vitufe vya kuupakia na kuuthibitisha, ndege inaendelea na njia yake ileile. Wanaodhani mtu aliyeko chini anaweza kuigeuza ndege kwa kutuma ujumbe tu wanakosea hapo.

Ujumbe hukatwa vipande vinavyoitwa bloku, na kila bloku hubeba maandishi yasiyozidi herufi 220. SMS ya kawaida hubeba 160, kwa hiyo pengo si kubwa. Mpango mrefu wa safari huenda kwa bloku kadhaa, kila moja na namba yake ya ufuatano na alama ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na herufi zenyewe. Ndege ikipokea hukokotoa upya; hesabu zikilingana inatuma risiti. Risiti isipofika, kituo cha chini hurudia kutuma bloku ileile. Kwa redio ya zamani ya VHF (masafa ya juu sana) kasi ni biti 2,400 kwa sekunde, kwa hiyo bloku iliyojaa huchukua karibu sekunde moja. Mfumo mpya wa VHF hufikia biti 31,500. Baharini, ambako VHF haifiki, kazi huchukuliwa na setilaiti au redio ya HF (masafa ya juu, yanayofika mbali zaidi), ambayo kasi yake ya juu kabisa ni biti 1,800.

VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, na hilo linaeleza matatizo mengi. Tuseme antena iko Dar es Salaam, usawa wa bahari. Ndege iliyo juu ya Tanga kwa futi 35,000 inaipata bila shida, kwa sababu katika kimo hicho upeo hufika karibu kilomita 400 na kutoka Dar hadi Tanga kwa mstari mnyoofu ni takriban 200. Ndege hiyohiyo ikiegeshwa kwenye uwanja wa Tanga haiisikii antena hiyo kabisa. Mviringo wa dunia umeshaziba. Ndiyo maana rubani anaweza kuona tangazo la kukosa mawasiliano akiwa bado chini, kisha likatoweka lenyewe dakika chache baada ya kuruka, bila kifaa chochote kuwa kibovu.

Tutazame maandalizi ya safari ya Dar es Salaam kwenda Nairobi. Rubani huingiza namba ya safari, kisha hubonyeza kitufe cha kuomba mpango. Jibu huja na vifupisho vya kudumu: FPN ni njia, PER ni takwimu za uzito na kimo, PWI ni upepo. Mwanzo wa njia utasomeka hivi:

FPN/RI:DA:HTDA:AA:HKJK

RI ni njia ambayo bado haijaanza kutumika. DA ni uwanja wa kuondokea, na HTDA ni Dar es Salaam. AA ni uwanja wa kufikia, HKJK ni Nairobi. Pointi za njia hufuata, na mwishoni kabisa huja herufi nne za ukaguzi. Huu ni ukaguzi wa pili: ule wa kwanza unailinda bloku ikiwa hewani, huu unahakikisha ujumbe mzima haukuharibika popote kati ya kompyuta ya ofisini na FMC. Usipolingana, FMC hukataa na kurudisha REJ, yaani "umekataliwa".

Kasoro inayosumbua zaidi haitokani na redio. FMC ina hazina yake ya pointi, viwanja na njia, inayobadilishwa kila siku 28. Ikiwa ofisi imeshahamia toleo jipya na ndege bado ina la zamani, njia itatumwa ikiwa na pointi ambayo ndege haiijui. Kompyuta haibahatishi. Hupakia inachokijua, huandika kwamba njia imepokelewa nusu, na kuacha mkatiko pale pointi ilipokosekana. Rubani lazima apitie njia pointi kwa pointi akiwa na karatasi ya mpango mkononi, alinganishe na jumla ya umbali. Jumla ikitofautiana kwa maili nyingi, kuna kitu kimeruka.

Nyingine ni ndege kubadilishwa dakika za mwisho. Ujumbe hupelekwa kwa namba ya usajili ya ndege. Kama ofisi haijasahihisha, mpango utaenda kwa ndege iliyobaki gereji. Uzito nao una mtego wake: alama za ukaguzi huthibitisha kwamba tarakimu imefika kama ilivyotumwa, basi. Aliyeandika uzito wa ndege bila mafuta kwa makosa atapata makosa yake yakiwa salama salimini kwenye skrini. Dawa ni kuulinganisha na hati ya upakiaji kabla ya kukubali, na marubani wote wawili wafanye hivyo.

Muda pia: saa zote ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ujumbe uliogongwa 0400 umetumwa saa moja asubuhi ya Tanga.

Waongoza ndege hutumia barabara hizohizo kwa ujumbe ulioandikwa, hasa juu ya bahari. Rubani hujibu kwa WILCO akikubali kutekeleza, au UNABLE asipoweza. Ndege hutuma pia mahali ilipo kwa vipindi vilivyopangwa.

Hapo watu wa pwani hii wana sababu ya kuelewa tofauti kati ya ujumbe na kiungo kinachoubeba. Juni 2016 kipande cha bawa kilipatikana Pemba, ng'ambo ya Tanga, na wachunguzi wa Australia wakathibitisha kuwa ni cha ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea na watu 239 tarehe 8 Machi 2014. Ujumbe wake wa mwisho wa ACARS ulitumwa saa 01:07 ya Malaysia. Uliotarajiwa saa 01:37 haukuja. Lakini kifaa cha setilaiti ndani ya ndege kiliendelea kuwasiliana na mtandao mpaka saa 08:19 ya huko, yaani saa mbili na dakika 19 asubuhi ya huko kwa hesabu zetu za Kiswahili. Mawasiliano hayo hayakubeba njia, kimo wala mafuta. Yalibeba muda wa mawimbi kwenda na kurudi na mabadiliko madogo ya masafa, na kutokana na hayo wataalamu walichora upinde kusini mwa Bahari ya Hindi ambako utafutaji ulielekezwa.