Noti kwenye sidiria hazileti saratani ya matiti

Muuza samaki aina ya mgebuka wa soko la Mwanga, Kigoma, anafuta vidole kwenye kanga, anakunja noti na kuisokomeza kwenye sidiria. Jirani yake anamwonya: "Shoga, utapata kansa!" Onyo hilo limezagaa hadi WhatsApp, na halina ushahidi. Noti hubeba vijidudu, ni kweli, ila haigeuzi seli za titi kuwa saratani.

Wengine husema ni ugonjwa wa ukoo tu. Kumbe saratani za matiti zinazotokana na jeni za kurithi ni takribani asilimia 5 hadi 10. Hatari huongezeka kwa umri, na pia kwa pombe, kutoushughulisha mwili, na unene baada ya kukoma hedhi. Hapo ndipo mtaa unapoingia. Penye kilabu cha pombe kila kona, na njia isiyo na taa ya kutembea jioni, kumwambia mama "badilisha mtindo wa maisha" ni kumwonea. Kuhusu hewa chafu, tafiti kadhaa zimeona uhusiano, lakini ushahidi si thabiti kama wa saratani ya mapafu.

Umbali wa hospitali nao hausababishi uvimbe, unachelewesha tiba. Kwa tiba ya mionzi, mgonjwa wa Kigoma husafiri hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo uvimbe mgumu, hata usiouma, au chuchu iliyoanza kuzama ndani, ni wa kupelekwa kituo cha afya wiki hiyohiyo.