Je, wajua? Mtoto wa mbwa anaweza kufa kwa baridi hata Mtwara

Mbwa anayekaribia kuzaa atengenezewe sanduku la kuzalia kwa nini, tena lenye kuta na vipimo, ilhali mbwa wa mtaani anazalia chini ya rundo la mabanzi na wanawe wanakua?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa fupi: hahitaji. Sanduku niliona ni mambo ya nchi za theluji. Jike langu, mbwa wa kienyeji wa kilo kumi na tano hivi anayelinda mikorosho, nilimpa stoo nzima: sakafu ya saruji iliyopigwa deki, nafasi ya kulaza ng'ombe, na gunia moja la korosho kwenye kona. Ilikuwa Julai. Alizaa saba. Asubuhi ya siku ya tatu walibaki watano. Mmoja tulimkuta nyuma ya mlango na mwingine kando ya ukuta, wamepoa kama mawe, hawana jeraha wala alama, na mama yao yupo mita mbili kutoka pale ananyonyesha wengine kwa utulivu wake wote. Mimi nikasema maziwa hayakutosha. Jirani akasema kijicho. Tulikosea sote, ingawa mimi ndiye niliyekuwa na stoo.

Kosa langu lilianzia kwenye neno "joto". Ni kweli Mtwara ni joto, ukiwa mtu mzima, mchana. Lakini msimu wa kusi ukishika, usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na wewe mwenyewe unavuta shuka. Mtoto wa mbwa katika wiki yake ya kwanza ana joto la mwili la nyuzi 35 hadi 37, chini ya mama yake, ambaye ana zaidi ya 38. Kati yake na sakafu pana tofauti ya nyuzi kama kumi na tano, na joto, kama maji, hufuata mteremko.

Tofauti hiyo hiyo ipo kwa mama, na mama hafi. Kwa nini?

Pika uji, kisha uache jikoni. Ule wa sufuriani utakuunguza ulimi hata baada ya nusu saa. Ule uliochota kwa kijiko umepoa kabla haujafika mdomoni. Uji ni mmoja na hewa ni moja. Kinachotofautiana ni kwamba wa kwenye kijiko una ngozi kubwa kwa tumbo dogo: karibu kila tone lake linagusa nje. Mtoto wa mbwa wa gramu mia tatu ni kijiko. Mama yake ni sufuria.

Na kijiko hiki hakina moto chini yake. Mnyama mkubwa akipoa hutetemeka, na kutetemeka ndilo jiko la mwili: misuli inafanya kazi bure ili itoe joto. Mtoto wa mbwa huzaliwa bila jiko hilo. Uwezo wa kutetemeka huanza kuja baada ya siku sita hivi, na mwili wake hukaribia kujimudu wenyewe kwenye wiki ya nne. Kabla ya hapo joto lote analikopa kwa mama na kwa ndugu zake.

Kisha kuna saruji. Amka asubuhi ya Julai, mguu mmoja ukanyage mkeka na mwingine sakafu. Utaapa kwamba sakafu ni baridi zaidi. Ukivipima, vimelala chumba kimoja na vina nyuzi zile zile. Saruji inakunyang'anya joto haraka tu, mara kadhaa kuliko ubao, na kila inachokunyang'anya inakisambaza chini na kurudi kuomba tena. Wewe unainua mguu. Yeye amelalia tumbo.

Hapo ndipo hadithi ya maziwa inapogeuka. Mtoto akishuka chini ya nyuzi 34 hivi, nguvu ya kunyonya inamwishia na utumbo wake unasimama. Kwa hiyo hanyonyi kwa sababu amepoa, nasi tukimwona hanyonyi tunadhani amepoa kwa njaa. Mimi nilimnywesha mmoja wa watoto maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano, nikajiona tabibu. Maziwa yanayoingia kwenye tumbo lililosimama hukaa yakachacha, au hupanda yakaingia mapafuni. Aliyepoa hupashwa kwanza, taratibu, kifuani kwa mtu au karibu na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kanga. Chakula baadaye.

Kilichonisumbua zaidi ni wale wawili kufika mlangoni na ukutani. Mtoto wa mbwa ni kipofu na kiziwi. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na 14, masikio yakifuatia. Anatambaa kwa kuvuta tumbo, huku kichwa kikipepea kushoto na kulia kama mtu anayepapasa swichi gizani. Anatafuta joto. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Hungary walionyesha kwamba ncha ya pua ya mbwa inaweza kuhisi joto hafifu kutoka kitu kilicho umbali wa mita 1.6, bila kukigusa. Jambo la ajabu, na nimelisimulia kwenye kahawa mara nyingi kuliko inavyofaa. Ila waliofunzwa kwa jaribio hilo walikuwa mbwa watatu tu, tena wakubwa, kwa hiyo kusema vitoto navyo hutumia hila hiyo hiyo ni kukisia, japo ni kukisia kwenye mantiki.

Kinachoonekana kwa macho ni kwamba hatambai kwa mstari ulionyooka. Anapinda na kuzunguka. Akiwa karibu na mama, mzunguko unamrudisha. Akiteleza nje ya mzunguko kwenye stoo ya mita nne, hana kinachomgeuza mpaka afike ukutani, na hapo ameshapoa. Wapo mama wanaobeba mtoto kwa mdomo na kumrudisha. Wapo wasiosumbuka. Wangu hakusumbuka.

Basi ukuta wa sanduku haupo kumfungia mama. Upo kumpinda mtoto arudi. Nilipolielewa hilo, swali la "sanduku gani" likajijibu karibu lote.

Ukubwa, kwa mfano. Nilidhani likiwa pana zaidi ndiyo huruma zaidi. La hasha: mama alale ubavu, ajinyooshe miguu, ageuke, na ibaki nafasi kidogo ya watoto. Kwa mbwa wetu wa kienyeji, sentimita 90 kwa 90 zinatosha. Kwa jike la aina kubwa, mita moja na robo hivi. Kuta sentimita 45. Mlango uwe upande mmoja, wenye mbao za kuchomeka: siku za mwanzo kizingiti cha sentimita 15 kinamzuia mtoto, na mama anaruka bila kukwaruza chuchu. Watoto wakianza kupanda, unaongeza ubao.

Fundi niliyempelekea vipimo alivitazama akauliza, "Kaka, hili sanduku au jeneza la mtu mfupi?" Akacheka zaidi nilipomwambia aweke fito ndani.

Fito hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Ni ubao mwembamba au bomba la plastiki linalozunguka kuta kwa ndani, sentimita 10 hivi juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani. Mama akijitupa kuegemea ukuta, fito inamzuia mgongo, na mtoto aliyekuwa nyuma yake anabaki kwenye kichochoro akiwa hai. Wafuga mbwa waliiiga kwa wafuga nguruwe, ambao jike lao likilala bila kutazama hasara yake inapimwa kwa kilo. Iondolewe wiki ya tatu ikitimia, watoto wakinenepa wasije wakanasa humo humo.

Na yule mbwa wa chini ya mabanzi? Angalia anachofanya kabla ya kuzaa: anachimba. Anapata shimo jembamba, udongo mkavu, katikati pamebonyea, na kila kitoto kinateleza kurudi kwa wenzake. Mbwa mwitu wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile inayoingia Lindi kwa upande wa Liwale, nao huzalia mashimoni, mara nyingi yale yaliyochimbwa na muhanga. Mbwa wa mtaani hakuwahi kukosa sanduku, na hao watoto "wanaokua" ni wale tunaowaona. Waliobaki shimoni hatuwahesabu.

Vifaa visikuchoshe. Ubao wowote mkavu, hata wa paleti uliopigwa randa. Sakafu ya sanduku iinuliwe kwa miguu, ili hewa ipite chini na watoto wawe mbali na mchanga wenye funza. Miguu ukiisimamisha kwenye makopo ya maji, siafu nao watapata kazi. Gazeti linateleza, miguu ya watoto inatanuka kama ya chura. Kitenge cha zamani kilichokunjwa kinashika vizuri. Gunia lenye nyuzi zinazochomoza liache, nyuzi hufunga vidole.

Jambo moja tu ni la kwetu hasa, na ni la hatari. Ili mchwa wasiguse mbao, wapo wanaopaka oili chafu au mafuta ya maganda ya korosho. Aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta yale yanaifanya nini ngozi ya mkono. Tumbo la mtoto wa siku mbili halina hata unyoya wa kujikinga, na mama analamba kila ubao. Acha mbao zilivyo.

Vitabu vya ufugaji husema wiki ya kwanza pawe na nyuzi 29 hadi 32. Namba hiyo iliandikwa kwa vyumba vya nchi baridi, vyenye hewa kavu na swichi ya joto. Disemba ya Lindi, chini ya bati, hatari ni kuoka: mama anahema, anatoka, hataki kurudi. Kwa wengi wetu mbwa haingii ndani, kwa hiyo sanduku liwekwe kwenye banda lenye kivuli na upepo, na watoto wenyewe wawe kipimajoto. Wakirundikana juu kwa juu huku wanalia, wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake, joto limewazidi. Wakilala ubavu kwa ubavu kama dagaa waliopangwa, nenda kalale. Jiko la mkaa lisikaribie pale kabisa. Moshi wake usioonekana unaua mbwa kama unavyoua watu.

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Sanduku liwe tayari wiki mbili kabla, kwa sababu likija jipya lina harufu ya msumeno na ya fundi. Langu jike alilinusa, akaenda kuchimba chini ya mkorosho. Nilimwekea ndani kitambaa chake kichafu cha siku zote. Usiku wa pili aliingia, akazunguka mara tatu, akakwaruza mbao mpya kama anayechimba, akalala mgongo ukiwa kwenye fito.