Mipira Minne Nje, Nenda Besi ya Kwanza: Dhana Potofu Kuhusu Warushaji wa Softiboli Shuleni

Tazama softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, ya wasichana katika sekondari za Marekani, ila timu ya pili, si ile kubwa ya shule. Mrushaji anakosa shabaha mara nne, na kwa kanuni mpigaji anapewa besi ya kwanza bure: anaweka gongo chini na kutembea hadi huko. Anayefuata, vilevile. Walio nyuma uwanjani wanang'oa nyasi. Wazazi wana maelezo yao, na mengi hayasimami.

"Wasichana wa siku hizi hawajui kurusha."

Wanaojua wapo, ila hapo hawapo. Kurusha softiboli, mkono ukizunguka duara zima kama panga la feni na mpira ukiachiwa nyongani, hakufundishiki ndani ya msimu mmoja wa miezi michache. Huchukua miaka, na sehemu kubwa hufanyika nje ya shule: kwa mwalimu wa kulipwa kwa saa, na kwenye klabu zinazozunguka mashindano kiangazi kizima. Aliyepitia huko akiingia darasa la tisa, kocha wa timu kubwa humdaka palepale. Timu ya pili hubaki na binti aliyekubali kurusha kwa kuwa wenzake wote walikataa. Halafu tunalaumu kizazi!

"Ni kwa sababu umbali uliongezwa."

Nusu kweli. Mwaka wa masomo wa 2010–11 umbali kutoka kwa mrushaji hadi kituo cha mpigaji katika sekondari ulitoka futi 40 kwenda futi 43, umbali ambao vyuo vikuu vilikuwa vikiutumia tangu 1988. Aliyefunzwa vizuri alizoea. Aliyekuwa akiufikisha mpira kwa taabu ndiye aliyeanza kuudundisha chini. Kwa maoni yangu, futi tatu zilianika pengo lililokuwapo tayari.

"Punguza kasi, lenga tu!"

Hili hupigiwa kelele kila mechi. Lakini anayejaribu kuupeleka mpira kwa tahadhari hukaza mkono, akachelewa kuuachia, na mpira ukapaa juu ya kichwa cha mdakaji. Shabaha hutokana na mkono kuzunguka vilevile kila mara.

"Kurusha kwa kupitisha mkono chini hakuumizi bega."

Hii ndiyo yenye madhara zaidi. Vipimo vya wataalamu wa mwendo wa mwili vimeonyesha kuwa nguvu inayovuta mkono kutoka kwenye kikombe cha bega inakaribia uzito wa mrushaji mwenyewe, sawa na ile ya besiboli. Hata hivyo, tangu 2017 besiboli ya sekondari inadaiwa kila jimbo liwe na kikomo cha idadi ya mirusho, softiboli haidaiwi hivyo kitaifa. Watu hukumbuka Olimpiki ya Beijing 2008, mrushaji Yukiko Ueno aliporusha mara 413 ndani ya siku mbili, Japani ikaondoka na dhahabu. Alikuwa mwanamke mzima, bingwa wa dunia nzima. Si kipimo cha mtoto wa miaka 14.

Imani hiyo inarudi kuiumiza timu ya pili yenyewe. Kwa kuwa bega "halichoki", msichana mmoja anayeweza kidogo hupewa kila mechi, na wa pili na wa tatu hawaingii kamwe kwenye duara la mrushaji. Yule mmoja akipandishwa au akiumia, hakuna aliyeandaliwa.

Wanaotaka kusaidia wana kazi inayojulikana sana huko: baba au mama kukalia ndoo uani, glavu mkononi, akidaka mirusho jioni baada ya jioni, tangu binti akiwa na miaka tisa. Mingine humpiga kwenye ugoko. Mpira huo, licha ya jina lake, si laini.