Demensia ni nini, na anayeichunguza hutafuta nini?

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ya uwezo wa akili kupungua kidogo kidogo, mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku bila msaada. Ukisema mgonjwa ana homa, hujasema anaumwa nini: huenda ni malaria, huenda ni taifodi. Demensia nayo ni hivyo hivyo. Nyuma yake yamo magonjwa mengi ya ubongo, na mwanasayansi anayejikita katika fani hii hutumia miaka mingi ya kazi yake kuyatenganisha, kujua kila moja linaanzia wapi na linaharibu nini.

Kusahau peke yake hakutoshi kuitwa demensia. Mzee akisahau alikoweka miwani, au jina la mjukuu likamjia baada ya kutaja majina ya wengine watatu, huo ni uzee wa kawaida. Lakini mfikirie mama aliyeuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa miaka mingi, hesabu zote akizipiga kichwani bila kalamu. Sasa anapewa noti ya elfu kumi, anaishika, anaigeuzageuza, hajui arudishe shilingi ngapi. Mteja hajafika mbali, mama anauliza kama yule amelipa. Jioni anasimama kituoni na daladala zinapita, hajui apande ya Igoma au ya Buhongwa, na nyumbani ni kule kule alikoishi miaka yote. Hapo kimeguswa kitu zaidi ya kumbukumbu. Wengine huanza na tabia: mtu mpole anakuwa mkali, mwenye haya anatukana hadharani, anashuku kila mtu kuwa amemwibia.

Katika Kanda ya Ziwa mabadiliko kama hayo yamepewa tafsiri nyingine, nayo imegharimu maisha ya watu. Mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga yanajulikana nchi nzima. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, anayetoka nje usiku na kuongea peke yake, amekuwa akionekana mchawi. Si kila aliyeuawa alikuwa na demensia. Wengi walisingiziwa kwa sababu za mashamba, mirathi na husuda. Ila bibi anayepotea njia usiku kwa sababu ubongo wake unaumwa yumo hatarini kuliko wote, maana hawezi hata kujieleza. Ndiyo maana naona kuielewa dhana hii ni jambo la uhai na kifo kwetu.

Historia ya utafiti huu huanzia kwa daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 alimpokea mjini Frankfurt mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, akakaa naye akimuuliza maswali na kuandika kila jibu. Jina lako nani? Auguste. Jina la mume wako? Auguste, nadhani. Mchana mama huyo alikuwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe. Alipoulizwa anakula nini, akajibu spinachi. Alifariki mwaka 1906. Alzheimer, wakati huo yuko Munich, aliupokea ubongo wake, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi yenye madini ya fedha na kuvitazama kwa darubini. Aliona vitu viwili: mabaka kati ya seli na seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabaka yale ni protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Mwaka 1910 ugonjwa huo ukapewa jina lake.

Kazi ile ya Alzheimer bado ndiyo kiini cha fani nzima: kumsikiliza mgonjwa kwa makini akiwa hai, kisha kulinganisha uliyoyasikia na unayoyaona ndani ya ubongo.

Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa cha demensia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Kwa kawaida huanzia maeneo ya ndani ya ubongo yanayohifadhi kumbukumbu mpya, likiwemo hipokampasi, ndiyo maana mgonjwa anaweza kusimulia mavuno ya ujana wake na asijue kama amekula asubuhi. Demensia ya mishipa hutokana na kiharusi, au viharusi vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Ipo ya miili ya Lewy, yaani vidonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya seli za ubongo; hii inafanana kwa kiasi na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, na humfanya mtu aone watu wasiokuwepo. Ipo pia ya sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo, ambayo hushambulia kwanza tabia au lugha, na huwapata hata watu wa miaka hamsini. Wazee wengi wana zaidi ya moja kwa pamoja, na hapo ndipo mtafiti huumiza kichwa.

Ugumu mwingine ni muda. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla ya dalili ya kwanza, kwa hiyo anayetaka kuona mwanzo wa ugonjwa hana budi kuwafuata watu wazima wenye afya na kusubiri. Nchini Marekani, David Snowdon aliwafuata watawa 678 ambao walikubali kupimwa akili kila mwaka na kutoa ubongo wao baada ya kufa. Wapo waliokutwa na ubongo uliojaa mabaka na nyuzi, ilhali walikuwa na akili timamu mpaka mwisho. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka 101. Kumbe uharibifu ni jambo moja, na akiba ya ubongo ya kuustahimili ni jambo jingine. Elimu na shughuli za kushughulisha akili zinahusishwa na akiba hiyo.

Na Afrika je? Wapo wanaoamini kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1992 timu ya watafiti wa Ibadan, Nigeria, akiwemo Adesola Ogunniyi, na wa Indiana, Marekani, akiwemo Hugh Hendrie, ilianza kuwalinganisha wazee Wayoruba na Wamarekani weusi kwa vipimo vile vile. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kasi ya kupata demensia kwa Wayoruba ilikuwa chini ya nusu ya wenzao. Chini, lakini ipo. Hapa Tanzania, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwakuta nayo watu 6 na zaidi kidogo kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Sioni sababu ya kudhani kwamba Magu, Sengerema au Ukerewe wamesalimika.

Hai ilifundisha pia jambo ambalo mimi nalithamini kuliko mashine nyingi. Vipimo vingi vya kigeni humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo, ahesabu kwa kutoa saba saba kutoka mia. Mpe bibi ambaye hakuingia darasani: atashindwa, na kosa si la ubongo wake. Watafiti wakatengeneza kipimo cha mazungumzo. Bibi, leo ni siku gani? Daraja ni nini? Nitajie wanyama wote unaowajua, na dakika moja inahesabiwa. Kisha njiti za kiberiti zinapangwa mezani kwa umbo fulani, naye anaombwa apange zake vile vile. Aliyewasha moto maisha yake yote haogopi njiti, kwa hiyo kinachoonekana pale ni ubongo wenyewe, wala si uoga wa kalamu. Mhudumu wa zahanati anaweza kufundishwa kukitumia.

Kwa upande wa dawa, matumaini ni madogo kuliko vichwa vya habari. Donepezil huwasaidia baadhi kwa muda. Lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa kwa walio hatua za mwanzo; haiponyi, na huweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Kinga inaahidi zaidi. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja vihatarishi 14, na kukadiria kwamba vikishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Vimo presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutosikia vizuri, kuumia kichwa, upweke, elimu ndogo ya utotoni na hewa chafu. Kwa ukanda wa ziwa mimi ningeweka presha mbele ya vyote, kwa sababu ina dawa za bei nafuu na wengi wanaacha kuzimeza wakijisikia nafuu.

Kuna jambo moja ambalo kila familia inapaswa kulijua leo. Demensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo haeleweki anachosema, hiyo ni dharura: huenda ni malaria, UTI, sukari kushuka, kiharusi, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na hata kupungua kwa polepole kuna visababishi vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kuzembea, kaswende ya siku nyingi, VVU visivyotibiwa, sonona. Vingi vya hivyo hugunduliwa kwa kipimo cha damu tu.

Mkienda naye, aende yule anayeishi naye, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi atasema hana tatizo. Daktari atataka kujua mambo yalianza lini na nini kilitangulia, kumbukumbu au tabia. Kama hali ilishuka taratibu au kwa ngazi. Kama aliwahi kuanguka au kupooza upande. Bebeni dawa zake zote ndani ya mfuko, pamoja na za kienyeji.